Kisima Mlangoni

4 Januari

Kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni watu wawili na paka asiye wetu. Mimi ni mzima. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na ule mguu uliokuwa ukimsumbua umepona kabisa. Huko kupona ndiko kulikoniletea balaa, kama utakavyoona. Fundi cherehani, yule wa dirisha linalotazamana na letu, anakusalimu sana. Anasema suruali uliyomwachia aifupishe bado anayo, ila kwa picha uliyotutumia haikuingii tena.

Umeniuliza kwa nini sipokei simu. Nikiongea na simu, Baba anaanza kumtafuta huyo mtu mwingine. Anafungua kabati, anainama chini ya kitanda, anauliza kwa nini mgeni amefichwa. Kumtuliza ni kazi ya nusu siku. Kwa hiyo tuandikiane tu. Dereva wa lori la mizigo anapita kwetu kila baada ya wiki tatu, na ni mtu wa kuaminika.

Sasa jambo lenyewe. Baba anatoka. Ukigeuka kuchukua chumvi, hayupo. Juzi alikutwa kituo cha mabasi akigonga lami kwa kisigino na kuwaambia abiria kwamba maji yapo mita kumi na mbili. Watu walimsikiliza, maana ukimsikia utadhani bado yuko kazini. Miaka thelathini na nane ya kuchimba visima haikumtoka. Tuliomtoka ni sisi. Mimi ananiita mama wa chai. Wewe hakutaji.

Nikifunga mlango kwa ufunguo anaupiga mpaka ngozi ya vidole inachubuka. Nikiuacha wazi, ananipotea. Karakana ya miwani nimeiacha tangu Oktoba. Sasa kuna hospitali ya macho, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka hapa, wanataka fundi wa kukata lenzi. Mkataba ni wa miezi sita, kuanzia Septemba mosi, na jina langu wameshaliweka. Nisipofika siku hiyo wanampa mwingine. Kaka, miaka kumi na tisa hujakanyaga hapa. Njoo ukae na Baba miezi hiyo sita tu. Nina miaka thelathini na sita, na hata kuoga naoga mlango ukiwa wazi.

Ni mimi,
Pilipili


29 Januari

Pilipili wangu, ukali wa nyumba,

Barua yako imefika ikinuka dizeli, nikaisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Nimefurahi kwamba mguu wa Baba umepona. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo cha vumbi la sufu, ambacho kwetu sisi watu wa mazulia ni kitambulisho. Mwambie fundi cherehani hiyo suruali aivae yeye.

Kuhusu kuja, nimelisikia. Tajiri wangu anasema huu ni msimu wa wateja wakubwa, nisubiri upite. Nitazungumza naye tena. Usidhani nimelipuuza.

Kwa sasa nimefikiria sakafu. Baba akianguka kwenye saruji ile ataumia nyonga, na mzee akiumia nyonga ndiyo basi. Kwa hiyo dereva anakuletea zulia la Kituruki, sufu tupu, kazi ya mkono, la zamani hasa. Ukitaka kujua kama zulia limefumwa kwa mkono, ligeuze: mafundo yaonekane nyuma moja moja, mengine yamepinda, maana mkono wa mtu huchoka. Matamvua yawe ndiyo nyuzi zenyewe za zulia, si urembo ulioshonewa pembeni. Nyekundu yake imetokana na mizizi ya mmea, na kadiri inavyokanyagwa ndivyo inavyong'aa. Katikati lina duara kubwa la buluu nzito. Watu wenye nyumba kubwa wanagombania vitu hivi, Pilipili, na leo kimoja kipo sebuleni kwetu. Usilipige kwa fimbo, usilianike juani, na kila baada ya miezi michache ulizungushe ili likanyagwe sawasawa.

Mshike Baba mkono kwa niaba yangu.

Kaka yako


21 Februari

Kaka,

Salamu kwako na kwa kikohozi chako. Sisi tupo. Paka asiye wetu amezaa, kwa hiyo sasa ni paka watano wasio wetu. Fundi cherehani amepata miwani mpya, nimemchagulia mimi, na anasema sasa ndiyo anaona kazi mbaya aliyokuwa akiwafanyia watu.

Nilikuomba mtu, umeniletea zulia. Hilo nalisema mara moja kisha naliacha.

Zulia ni zuri kweli. Nililikunjua sebuleni Baba akiwa anakunywa chai. Aliinuka, akaja mpaka ukingoni, akanikingia mkono kifuani ili nisisogee. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nani kaacha kisima wazi?"

Lile duara lako la buluu, Kaka. Analiona shimo. Nilikanyaga katikati kumwonyesha, akafumba macho. Kisha akavuta kiti, akakaa pembeni kulinda. Unaikumbuka ile sheria yake ya kazi, kwamba kisima kikiwa wazi lazima mtu mmoja abaki juu mpaka kifunikwe. Alikaa pale mpaka adhuhuri. Nilimpelekea chakula hapo hapo. Nilicheka mpaka nikalia, na sijui ni wapi kicheko kiliishia.

Macho yake nimeyapima mwenyewe kwa vyombo nilivyoazima karakana. Ni mazima kuliko yangu. Tatizo haliko machoni.

Nimelihamishia karibu na mlango wa mbele. Linapendeza zaidi pale.

Nina ombi. Kama utapata jingine, hata la kisasa, naomba la mlango wa nyuma. Duara liwe katikati, jeusi iwezekanavyo, upana usipungue hatua moja na nusu ya mtu mzima.

Mdogo wako


17 Machi

Pilipili,

Umenifurahisha kupita kiasi. Wewe, uliyekuwa ukisema pazia ni kitambaa kilichokosa kazi, leo unaniagiza zulia kwa vipimo! Nimewasomea mafundi wenzangu hapa, wamesema damu ya biashara imechelewa tu kuchemka. Kikohozi kimepungua. Tajiri amefungua chumba cha pili cha maonyesho, na mambo ni mengi.

Hayo ya Baba na kisima yamenichekesha, halafu nikaikunja barua nikarudi kazini. Nisiseme zaidi.

Sasa nikuelimishe kidogo. Wateja wetu wote wanaingia wakitaka la zamani. Ukiwaonyesha la zamani lenyewe, wanaona mahali palipokanyagwa na marehemu wa watu, wanaona kiraka, wanaguna. Ndipo unawapeleka kwenye la kisasa lililofumwa kwa mkono vilevile, sufu nene, rangi imekaa sawa, halijawahi kukanyagwa na yeyote. Wanashusha pumzi. Mimi mwenyewe napenda la zamani, kwa sababu mtu aliyelifuma hakujua litafika kwa nani. Lakini kwa weusi unaoutaka wewe, ni la kisasa tu. Rangi za mimea hazifiki huko.

Basi nimekuchagulia la kisasa. Duara lake ni jeusi hasa, na pembeni kuna ua dogo la rangi ya maziwa. Linakuja na dereva yuleyule, limefungwa kwa gunia mara mbili.

Hilo la kuja kwangu tutaliongea msimu ukiisha.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Tupo wazima. Paka wamegawiwa mtaani, amebaki mama yao.

Zulia limefika na linatosha mlango wa nyuma kama lilipimwa hapo hapo. Asante. Baba ametulia siku hizi. Hatoki. Fundi cherehani anasema mtaa umepoa bila yeye.

Samahani kwa ufupi. Nimechoka, nimesimama kwenye mashine tangu asubuhi, na kuna miwani ya watoto wa shule ishirini inayotakiwa kesho.

Pilipili


2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, karibu zaidi na duka, kina dirisha lakini limetazama ukuta. Nakula, nalala. Mwambie fundi cherehani nimemsikia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Umesema umesimama kwenye mashine tangu asubuhi. Mashine ipi? Miwani ya watoto ishirini inatengenezwa sebuleni kwetu? Kama umerudi karakana, nani anakaa na Baba?

La pili, hukuniuliza safari hii nakuja lini. Nilidhani nitashukuru. Sikushukuru.

La tatu ni la ufundi. Hakuna mtu anayejua zulia anayeliweka mlango wa nyuma, kwenye matope na maji ya kufulia. Hata mteja wangu mjinga kuliko wote hafanyi hivyo. Nimejaribu kujiambia kwamba wewe hujui mazulia. Lakini hujawahi kupima kitu bila sababu tangu ukiwa na miaka sita. Hatua moja na nusu ni ya nini?

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Kaka yako


12 Juni

Pilipili,

Dereva amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema mara ya kwanza ulimwambia huna barua, mara ya pili hukufungua. Nimemuuliza kama alimwona mzee. Amesema alimwona kupitia dirisha, amesimama wima katikati ya nyumba akitazama chini.

Naomba uandike.

Kaka


30 Juni

Kaka,

Sina salamu za kupamba. Baba yu hai, bega lake la kulia limeteguka, limefungwa, litapona. Jikoni ukuta ni mweusi. Mama paka kahama.

Nakujibu sasa. Hatua moja na nusu ni kwa sababu hatua moja angeweza kuiruka.

Lile zulia la kwanza lilipokaa mlangoni, Baba hakutoka siku nzima. Siku ya pili nilikwenda dukani nikarudi, nikamkuta kwenye kiti, analinda. Siku ya tatu nilikaa nje saa mbili bila shughuli yoyote, nimekaa tu kwenye ngazi za watu, sijui kama utanielewa. Mlango wa nyuma ulikuwa bado, ndipo nikakuagiza la pili. Lilipofika nilirudi karakana, asubuhi mpaka saa nane. Nilikuwa namwachia maji, mkate, na visima viwili. Mlango sikuufunga hata kwa komeo. Ulikuwa wazi, Kaka, hatua tatu kutoka alipokaa. Nilijisifu kwamba sijamfungia mzee wa watu ndani.

Aliacha kulala mchana. Alikuwa anaita watu wapite mbali. Nikirudi sauti imemkauka. Hilo niliona nikanyamaza, na ndiyo maana sikukuandikia. Nilijua nikishika kalamu nitalisema.

Tarehe saba mwezi huu niliacha sufuria ya maharage motoni. Nilisahau, sina la kujitetea. Fundi cherehani aliona moshi, akamwita Baba kutoka dirishani, mzee toka nje, mlango huo hapo. Baba akamjibu kwa utulivu, anakohoa, "Siwezi kuondoka. Kisima kiko wazi, mtu atatumbukia."

Fundi akaja mbio, akaingia kwa mlango wa mbele, akakanyaga katikati ya duara. Baba akamrukia. Alimshika shati kwa mikono miwili akawa anamvuta juu, anamwambia kaza, kaza, nimekushika. Hapo ndipo bega lilipoteguka. Fundi anasema mzee alikuwa na nguvu za watu watatu, na moshi unawashukia wote wawili, na ilibidi aache shati mikononi mwake ndipo afike jikoni kuzima gesi. Nilipofika walikuwa wamekaa nje, fundi kifua wazi. Baba aliniona, akafurahi, akaniambia, "Mama wa chai, tumemtoa mzima."

Mazulia yote mawili nimeyakunja, yapo chini ya kitanda changu. Saruji ni tupu. Bado anasimama palepale, kwenye milango yote miwili. Nimeosha sakafu, nimepaka chokaa nyeupe, nimelala pale mwenyewe chali. Anasimama.

Nimeacha karakana tena. Septemba mosi hospitali watampa mwingine. Nisikufiche kitu, kinachonitesa si kwamba nilimwacha. Kinachonitesa ni kwamba yale majuma tisa yalikuwa mazuri.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Nimechelewa siku kumi kukujibu kwa sababu niliandika barua tatu nikazichana. Hii ni ya nne na sitaisoma tena kabla ya kuifunga.

Kwanza, mimi si muuzaji wala mchaguzi wa mazulia. Sijawahi kuwa. Ni fundi wa viraka. Nafanya kazi chumba cha chini ya duka, naletewa mazulia yaliyotoboka, nayafuma upya pale palipoliwa. Zulia lile la kwanza lilikuwa la zamani kweli, lakini katikati nondo, wale wadudu wa sufu, walilila likabaki nyuzi. Tajiri akanipa. Nililijaza kwa miezi minne, fundo kwa fundo, na buluu ya zamani sikuipata, nikatumia sufu ya kisasa iliyokuwepo, nzito mno kwa zulia lile. Nilijua haifanani. Nilijiambia kwenu nani ataona. Lile duara nililifuma mimi, Pilipili. Kisima kile ni changu.

Jambo la pili hulijui, kwa sababu Baba hakumwambia mtu. Unajua nilikuwa mshika kamba wake. Kazi ya mshika kamba ni kusimama juu na kuitika. Aliye chini anauliza, "Upo?" Wewe unajibu, "Nipo." Basi. Siku moja nilifunga kamba kwenye kigingi, nikaenda kutazama mpira. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, si mtoto. Nilisema dakika kumi. Nilirudi saa kumi jioni. Nilipochungulia alikuwa amekaa chini kule, maji kiunoni, hajapiga kelele. Nilimpandisha. Alinawa mikono, akavaa viatu, tukarudi nyumbani pamoja bila neno. Kesho yake alimchukua mtu mwingine wa kamba. Angenikemea ningebaki. Angenipiga ningebaki mpaka leo.

Sasa unajua kwa nini msimu wa tajiri wangu hauishi. Nilimwogopa mzee wa miaka sabini na sita asiyenikumbuka. Niliogopa kwamba hilo ndilo atakalolikumbuka.

Nakuja. Nitafika Agosti ishirini na tano kwa lori la dereva, kama mzigo. Wewe fungasha. Usiniandalie kitu.

Kaka yako


26 Novemba

Pilipili,

Natumai barua hii inakukuta umekaa, si umesimama kwenye mashine. Bega la Baba limepona, analiinua hadi sikioni. Anakula kuliko mimi. Fundi cherehani amenishonea shati, na ile suruali amenionyesha, kweli alikuwa nayo. Jikoni nimepaka rangi mbili, ya kwanza ilikataa kuficha moshi.

Ulipoondoka uliniambia niandike ukweli, sio barua za dukani. Haya.

Wiki ya kwanza hakunisemesha. Ya pili aliniita, akanishika viganja, akavigeuza akatazama alama za nyuzi. Akaniuliza, "Umewahi kushika kamba?" Nikamwambia niliwahi, nikaiachia. Sikupanga kusema hivyo. Aliviachia, akasema, "Basi utashuka wewe. Juu nitakaa mimi."

Akanifunga kiunoni kamba ya kuanikia nguo. Nikakaa chini, kwenye saruji ya mlango wa mbele, magoti kifuani. Yeye akasimama hatua mbili kutoka hapo, kamba mkononi. Kila baada ya muda ananiuliza, "Upo?" Najibu nipo. Nilisubiri achoke. Hakuchoka. Fundi cherehani alikuja kumpokea kamba, akakataliwa kwa ukali. Ilipofika adhuhuri akanivuta, akanipangusa mavumbi ambayo hayapo, akasema kesho tutaendelea. Nilikwenda chooni nikajifungia nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilidhani ni siku moja. Ni kila siku, Pilipili. Baada ya chai ya asubuhi nashuka, adhuhuri ananipandisha. Nikiwa chini yeye ametulia, hasumbuki, rangi inamrudi. Nikikataa kushuka anashuka mwenyewe, yaani anakaa pale na kuita juu, na hakuna anayemjibu kwa namna anayoitaka. Nikijibu mimi anasema hiyo si sauti ya mtu wa juu. Mara moja nilijaribu kufungua fundo taratibu nikatoka kwa magoti kwenda dukani. Nilisikia akiuliza kama nipo. Niliporudi alikuwa ameshavuta kamba yote, imelala miguuni pake, anaitazama. Sitarudia.

Nilileta sufu nikidhani nitafanya viraka vya watu hapa nyumbani. Bado iko kwenye gunia. Tajiri ameandika anataka kujua kama narudi au ampe mwingine meza yangu. Chumba kile cha chini nilikichukia kila siku niliyokaa humo. Sasa nawaza taa yake.

Februari mwishoni miezi yako sita inaisha. Nauliza tu, unarudi lini? Sio kwa haraka. Nataka niwe na tarehe ya kuitazama.

Kaka yako


14 Desemba

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, na ninamsalimu Baba, na fundi cherehani, na shati lake jipya lililo mwilini mwako. Mimi ni mzima. Nimenenepa. Kazini tupo mafundi wanne, na mimi ndiye napewa lenzi nene, za watu wasioona hata mkono wao. Wakivaa mara ya kwanza wananyamaza. Nimeanza kupenda ule ukimya.

Nina chumba kimoja, mlango mmoja, ufunguo ni wangu. Jumapili iliyopita sikwenda popote siku nzima, kwa kupenda tu. Nilikuwa naweza kutoka na sikutoka. Nilikaa kitandani nikala embe mbili.

Uliyoniandikia nimeyaona yote. Niliposoma kwamba unajibu "nipo" kutoka sakafuni, nilifunga barua nikatembea mpaka mwisho wa barabara. Najua magoti yako. Najua ile saa kabla ya adhuhuri ilivyo ndefu, naijua kuliko unavyodhani. Unamfanyia Baba kitu ambacho mimi sikukiweza kwa miaka, wala sikukiwaza. Hilo nitalisema mbele ya yeyote atakayeniuliza.

Lakini nawe ulinitaka ukweli siku ile lori lilipokushusha, ulipoona nimeshavaa viatu.

Bahasha yako ilifika Jumatatu. Sikuifungua, niliiweka mezani nikaenda kazini, maana nilijua imeandikwa nini. Siku hiyo hiyo msimamizi alikuwa anauliza nani anabaki. Nilisaini. Sio miezi sita, Kaka. Miaka miwili. Niliporudi jioni ndipo nikaifungua na kuisoma. Nilitaka niwe nimeshasaini kabla hujaniomba, kwa sababu ukiniomba narudi.

Naona aibu, na nalala usingizi mzuri. Yote mawili ni kweli na sina la kuyafanya.

Nitakuwa naandika kila dereva akipita. Nitakutumia mafuta ya kuchua magoti, na mto wa kukalia, mwembamba, Baba asiuone. Mwandikie tajiri wako ampe mwingine ile meza.

Na Baba akiuliza mama wa chai amekwenda wapi, usimwambie yupo njiani.

Mdogo wako